Blanketi Lenye Alama ya Tairi

Siku niliyoacha kazi mlinipa saa ya ukutani, nami nikawakabidhi funguo za stoo, reki mbili, debe la kupiga, shuka jeupe na blanketi jekundu. Saa nimeitundika sebuleni. Mtu amestaafu mnampa saa, sijui mnataka awahi wapi. Lakini ninyi watatu mlioachiwa kiwanja, hasa wewe Tausi unayependa usafi, mlilikunjua lile blanketi mkaona mistari myeusi imepita katikati, mkasema, "Bibi, hili tulifue kwanza." Nikawaambia msilifue. Mkacheka. Mkadhani ni uzee.

Basi nimenunua daftari na kalamu mbili. Shule yangu iliishia darasa la nne, Ulaya. Nasema Ulaya yetu ya Kilosa, ya gulio na baiskeli. Wajukuu zangu wamesoma, mmoja yuko chuo kikuu na picha yake ya joho nitamwonyesha kila anayepita hapa, atake asitake. Wangeweza kuniandikia, lakini wangeyanyoosha maneno mpaka yasiwe yangu. Vyeo sitavisimulia kwa sababu sikupewa hata kimoja. Mshahara nao, ungekuwa wa kusimulia ningeusimulia.

Nilianza kazi hii baada ya shamba la mkonge kule Kimamba kufungwa. Kule nilikuwa naanika nyuzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba ruksa, soda ya kopo ruksa, mwenye ndege mbili kujiita shirika, ruksa. Kampuni yetu ilikuwa na hizo mbili, moja inaruka na moja inangoja vipuri. Walijenga kambi ya mahema ya watalii nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, upande huu wa Mikumi wanakopitisha ng'ombe wafugaji. Wakafyeka nyika, wakasimika mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, wakasema hiki ni kiwanja cha ndege. Ng'ombe wakaendelea kusema ni njia.

Niliajiriwa kupikia marubani na kuangalia kiwanja. Kazi za watu wawili, lakini waliniona mnene wakadhani natosha.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Lugendo, mwangalizi wa kiwanja, mtu wa Mamboya aliyekuwa ametumia ujana wake kutengeneza barabara za vumbi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniuliza, "Unajua kutembea?"

"Natembea tangu nina mwaka mmoja."

"Hujui. Njoo."

Tukakitembea kiwanja kizima kwenda na kurudi. Mimi nilishika katikati, kama mtu anayekwenda harusini. Yeye alikuwa akienda upande huu na upande huu, mikono mgongoni, anakita kisigino kila hatua chache. "Katikati panapendeza tu," akasema. "Magurudumu yanapita pembeni. Macho yanaona shimo lililo wazi. Lile lililofunikwa na nyasi linasikika kwa kisigino." Niliumwa visigino wiki mbili. Mpaka leo nikiingia nyumba ya watu nakita sakafu kwanza, na nimegundua mafundi wengi sana wezi wa saruji.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya. Swala mfukuze mapema, maana akikimbia hukimbilia kule kule ndege inakokwenda. Ngiri usimpigie kelele akiwa na watoto, mzunguke. Twiga mwache aondoke kwa wakati wake, hajawahi kusikiliza mtu. Kitambaa cha ishara kibane kwa vigingi vya mti, kamwe si kwa mawe, jiwe kwenye kiwanja ni adui.

Na kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Redio hatukuwa nayo. Ndege ikifika inazunguka mara moja juu ya kiwanja. Huko kuzunguka ndiko kuuliza. Mimi najibu kwa kitambaa mwanzoni mwa kiwanja: shuka jeupe, njoo utue; blanketi jekundu, kaa huko huko juu. Rubani akiona jekundu anaendelea kuzunguka mpaka nilitoe, au anaenda zake kutua Morogoro. Hapakuwa na elimu nyingine zaidi ya hiyo, na kwa miaka yote ya Mzee Lugendo hakuna ndege iliyokwaruzika.

Sasa marubani. Ninyi mnawaona marubani mnajipaka losheni. Mimi nimewafulia soksi. Rubani ni dereva, tofauti yake na wa basi ni kwamba hana konda wa kumsema. Wetu walikuwa wageni wa mkataba, miezi sita sita. Sisi tulidhani wamekuja kwa sababu ni wakubwa. Kumbe kwao marubani wamejaa tele, na makampuni ya ndege kubwa hayamtaki mtu mpaka awe ametimiza saa kadhaa za kuruka. Kwa hiyo walikuja Mikumi kuchuma saa, kama sisi tulivyokwenda kuchuma pamba, na kila jioni waliziandika kwenye kitabu wakizihesabu kwa ncha ya kalamu.

Alikuja mmoja mwenye masanduku matatu ya nguo, katika nyumba isiyo na kabati. Alikuja mwingine aliyekuwa akihesabu siku zake kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu. Nikapaka chokaa. Akaja juu, akasema nimemwibia miezi miwili. Wa tatu alilala ndani ya chandarua mchana na usiku, akiwa hewani tu ndiyo anatoka, nadhani huko mbu hawakumfikia.

Halafu akaja Kapteni Kolin. Alitoka nchi iliyo chini kabisa ya ramani, pembeni, mahali ambapo mchoraji alikuwa karibu kumaliza karatasi. Huyu alitaka kujifunza Kiswahili. Wiki ya kwanza mzee mmoja wa Mikumi alikuja kuuza mayai, Kolin akamwahi: "Marahaba, mzee." Mzee akaweka mayai chini, akanitazama mimi.

"Mama Pili, huyu kijana ana umri gani?"

"Thelathini na kitu."

"Basi mwambie mimi sijamwamkia. Na hata angekuwa na sitini nisingemwamkia."

Akachukua mayai yake akaondoka. Siku tatu hatukula mayai. Kuanzia hapo Kolin aliogopa, akawa anamwamkia shikamoo kila kiumbe, hadi watoto wa chekechea, nao wakaona ni haki yao wakaitikia marahaba. Mlenda wangu aliuita gundi. Baada ya miezi mitatu akawa anaingia jikoni kuuliza kama leo kuna gundi. Alikuwa na binti wa miaka minne huko kwao, picha yake aliibandika kwenye friji kwa plasta ya vidonda. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hili mapema ili mlikumbuke mtakapofika mbele.

Mkataba wake wa pili ulipokuwa umebaki miezi miwili, Mzee Lugendo alikuwa amesharudi Mamboya kupumzika na kiwanja kilikuwa changu peke yangu. Ndipo akaja Meneja mpya kutoka Dar es Salaam, kijana wetu kabisa, na simu ya mkononi kubwa kama kandambili. Huku hapakuwa na mtandao, lakini aliishika muda wote na kuitazama. Alikuja na barua. Kuanzia sasa ndege zisizunguke. Kuzunguka kunakula mafuta, na wageni wanauliza kwa nini hawatui.

Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, nitamjibuje mtu ambaye hajauliza?"

"Mama, wewe hakikisha tu kiwanja ni safi wakati wote."

"Wakati wote?"

"Wakati wote. Hii ni biashara huria, mambo ya kusuasua tumeyaacha kule nyuma."

"Na wanyama umewapa nakala ya barua?"

Akaniambia nina maneno mengi. Hilo alisema kweli.

Wiki ya tatu baada ya barua hiyo nilitoka asubuhi kutembea kiwanja, na karibu na theluthi ya kwanza kisigino kikaitika vibaya. Muhanga. Mnamjua, yule mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, anachimba kama amelipwa. Alikuwa ameacha shimo la upana wa beseni, na udongo wote ameurushia majanini. Nikaenda mbio mwanzoni mwa kiwanja, nikatandika blanketi jekundu, nikalibana vigingi pembe nne, nikarudi na toroli kufukia. Shimo la muhanga halijai. Toroli la tano bado lilikuwa linapiga miayo.

Saa nne ndege ikatokea upande wa jua. Nikasimama, nikangoja izunguke. Haikuzunguka. Ilikuja moja kwa moja, imeshusha pua, kama ng'ombe aliyeona maji. Nikapiga debe, nikavua kanga ya juu nikaipunga, nikapayuka maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la kuonyesha wajukuu. Ikagusa chini juu ya blanketi langu, ikaja mbio, mimi nikarukia majani, gurudumu la mbele likaingia shimoni na propela ikalima.

Vumbi lilipotulia ndege ilikuwa imesujudu, mkia juu. Ndani walikuwa mzee mmoja wa kizungu na mkewe. Wote wazima, ila mzee meno yake ya bandia yalikuwa yamemtoka. Niliyakuta chini ya kiti, nikayasuuza kwa maji ya chupa, nikamrudishia. Akanishukuru bila meno, kisha akanishukuru tena akiwa nayo, nikamwelewa zaidi mara ya kwanza.

Kolin alishuka wa mwisho. Paji la uso lilikuwa linatoka damu, na hakulitazama gurudumu wala propela. Alikuwa anatazama nyuma, kulikotoka vumbi.

"Mama Pili. Yuko wapi yule mzee?"

"Mzee gani?"

"Yule Mmasai. Alikaa pale. Nyekundu. Nimemkanyaga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wafugaji walikaa pembeni mwa kiwanja kila siku na lubega zao nyekundu, na ndege ikikaribia walisimama wakasogea. Kolin aliona wekundu mwanzoni mwa kiwanja, akasema huyo ni mtu amepumzika, atasimama. Akangoja asimame. Mpaka anajua kwamba hasimami, magurudumu yalikuwa yameshafika.

"Hujamkanyaga mtu," nikamwambia. "Umelikanyaga blanketi langu."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akalia. Sikucheka. Nilicheka baadaye.

Habari zilienda haraka kuliko ndege. Mchana Mzee Saningo, ambaye ndiye alipenda kukaa pale na ng'ombe wake, akafika jikoni akiegemea fimbo.

"Mama Pili, nasikia nimekufa."

"Umekufa saa nne asubuhi."

"Nani anachunga ng'ombe?"

Kolin akaja akamshika mkono, hataki kuuachia. Mzee Saningo akamvumilia kidogo kisha akasema, "Kijana, mimi nikikuona naondoka. Blanketi halina miguu." Akaomba chai, akanywa, akaenda zake akiwa hai.

Mpaka hapo ilikuwa ajali. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka myasome polepole.

Meneja alituma habari kwamba anakuja na taarifa ya ajali, tuiwekee sahihi. Siku moja kabla hajafika, Kolin aliingia jikoni, hakuuliza gundi. Akasimama kando ya friji.

"Mama, Meneja ameshaandika. Ameandika kwamba ulitandika jeupe."

"Na wewe umesemaje?"

"Sijasema." Akatazama ile picha. "Nikisema jekundu, mkataba mpya sipati. Zimebaki saa mia mbili tu, Mama. Nikizipata, kampuni ya kule nyumbani itanichukua. Nitakaa na mtoto wangu. Wewe utapata kazi nyingine."

"Kazi gani nyingine ya kukimbiza ngiri iko hapa Mikumi?"

Akaibana tena plasta ya picha kwa kidole.

Nikamwambia, "Kolin, mimi mume nimemzika, watoto watatu wanakula kwa kiwanja kile. Lakini hata hilo liache. Nikitia sahihi karatasi hiyo, kila ndege itakayoanguka hapa miaka yote watasema ni yule mama asiyejua jeupe na jekundu. Hata mtoto mchanga anajua jeupe na jekundu."

Akasema samahani. Nikamwambia atoke, namwagia dagaa maji. Chakula nilimpa. Mlenda sikumpa.

Kesho yake tukakaa chini ya turubai la kulia chakula. Meneja mezani, simu upande mmoja, karatasi upande mwingine. Kolin kushoto kwake na plasta usoni. Mimi nikabaki nimesimama, hakuna aliyesema nikae, nikavuta kiti mwenyewe.

"Mama, weka sahihi hapa."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza juu mpaka chini. "Nisomewe kwa Kiswahili."

"Ni mambo ya kitaalamu, Mama. Hayatafsiriki vizuri."

"Kama ni ya kitaalamu, sahihi ya darasa la nne inatafuta nini humo?"

Akavuta pumzi, akasoma. Alisoma haraka, lakini pale pa shuka jeupe alipunguza sauti, nami masikio yangu yalikuwa mazima. Nikainuka, nikaenda stoo, nikarudi na blanketi nikalitandaza mezani, juu ya karatasi, juu ya simu na juu ya kikombe chake cha chai.

Pale katikati ndipo ilipokuwa hiyo mistari minne mnayotaka kuifua. Gurudumu likigusa chini linakuwa bado halijaanza kuzunguka, linaburuzika kwanza, na kitambaa kinaungua.

Meneja akaangalia. "Hiyo ni tairi ya gari la kambi. Mtu kapita na gari juu ya blanketi."

"Simama," nikamwambia. Ndege ilikuwa bado ipo majanini, hatua mia, inangoja mafundi. Nikabeba blanketi, nikatangulia. Nikaliweka kwanza kando ya tairi la gari la kambi. Tairi la gari lina meno, lazima liwe nayo, njia zetu mnazijua. Halafu nikalipeleka kwenye gurudumu la ndege. Halina meno. Lina mistari minne iliyonyooka, kama daftari hili. Nikalaza mistari ya blanketi juu ya mistari ya tairi, ikalala kama mtoto mgongoni kwa mama yake.

Meneja akamgeukia Kolin, akasema naye kwa Kiingereza kwa sauti ya upole. Upole ule niliuogopa kuliko ukali. Nikaona Kolin anatazama blanketi, anatazama kule Mzee Saningo alikokaa na ng'ombe wake, kama siku zote. Kisha akajibu, na akajibu kwa Kiswahili ili nisikie.

"Lilikuwa jekundu. Mimi niliona jekundu. Nilidhani ni mtu, nikasema atasimama. Na sikuzunguka kwa sababu barua yako ilisema tusizunguke."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa barua yenyewe, imekunjwa mara nne.

Meneja akafuta chai kwenye simu yake. Akasema basi, taarifa itaandikwa vizuri.

Iliandikwa vizuri sana. Ilirudi baada ya wiki mbili, safari hii kwa lugha zote mbili, na ndani yake shuka halikuwemo, blanketi halikuwemo, barua haikuwemo. Kosa lote alibebeshwa mnyama asiyejulikana aliyechimba kiwanja. Nikasema anajulikana, anaitwa muhanga, na hakuna aliyemwita ajitetee. Meneja akaniomba nitie sahihi tu, sina kosa tena, nataka nini zaidi. Nikatia sahihi kwa jina langu kamili. Chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu huu huu: *Blanketi lilikuwa jekundu.* Alitaka kukasirika, lakini karatasi ilikuwa moja na mpiga chapa yuko Dar.

Ile barua ya kutozunguka haikufutwa. Hakuna aliyeandika nyingine. Lakini ndege iliyofuata ilizunguka, na iliyofuata ikazunguka, na Meneja alipokuwa ndani ya mojawapo, nadhani yeye ndiye aliyeomba wazunguke mara mbili. Kila rubani mpya aliyekuja nilimnywesha chai kwanza, kisha nikamkunjulia blanketi. Ndiyo maana halifuliwi, Tausi. Redio mnazotembea nazo kiunoni ni nzuri, lakini siku betri ikizima mnajua blanketi liliko. Na karatasi yoyote mkipewa, isomwe kwanza, kwa sauti, kwa lugha mnayotumia mkigombana.

Kolin hawakumfukuza. Mtu wa mkataba hafukuzwi, anaachwa siku zake ziishe. Zilipoisha hazikuongezwa, na zile saa mia mbili alikwenda kuzitafuta kwingine, hakujua wapi. Asubuhi ya kuondoka alikuja jikoni akasema shikamoo. Nikasema marahaba. Nilikuwa nimempikia mlenda saa moja asubuhi, kitu ambacho sijamfanyia hata mkwe. Akaumaliza, akabandua picha kwenye friji, akaacha plasta.

Aliondoka kama abiria, kiti cha nyuma, rubani mgeni mbele. Nilikuwa nimetembea kiwanja mara mbili siku hiyo, sijui kwa nini mara mbili. Ndege ikapaa upande wa milimani, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Halafu nikasikia mlio unarudi. Walikuwa wanazunguka. Mara moja, taratibu, chini kiasi cha kuona mtu amebandika uso dirishani. Kuzunguka ni kuuliza, na mimi kazi yangu ni kujibu. Nilikuwa na vitambaa vyote viwili mkononi. Nikatandika lile jekundu, yaani kaa huko huko juu uende zako, nikalibana vigingi pembe zote nne, alama ya tairi juu.

Safari hii asije akasema alidhani ni mtu.